Kabla ya Kubonyeza 8.3: Kuhamisha Mfumo wa Laravel Kwenda Toleo Jipya



Ndani ya cPanel, yaani ule ukurasa ambao kampuni nyingi za hostingi hutupa ili tusimamie tovuti zetu, kuna sehemu inayoitwa MultiPHP Manager. Unachagua jina la tovuti, unafungua orodha, unaona 7.4, 8.1, 8.2, 8.3, unachagua moja na kubonyeza. Muda si mrefu tovuti inaendeshwa na toleo jingine la lugha ya PHP. Hakuna fomu ya kujaza wala mtu wa kukuuliza kama umejiandaa.

Leo nataka tuzungumzie kazi ambayo kitufe kile hakiionyeshi. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao: kupandisha toleo la lugha na la fremuweki ni kazi ya kusoma. Inakula siku, mara nyingine wiki, na taasisi inayoendesha mfumo inapaswa kuitengea fedha kila mwaka. Inapofanywa kwa kubonyeza tu, wanaoumia ni watu ambao hata jina la PHP hawajawahi kulisikia: mzazi ambaye ada aliyolipa haionekani, mwanachama wa SACCOS ambaye akiba yake imesomeka pungufu, mgonjwa ambaye siku yake ya kliniki imerudi nyuma.

Nimechagua PHP na Laravel kwa sababu ndizo nyingi kwenye seva za bei nafuu ambazo wengi wetu tunapanga, zile ambazo seva moja inabeba tovuti za wateja chungu nzima. PHP ilitangazwa hadharani mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyeianza kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe. Laravel ilitoka mwaka 2011, kazi ya Mmarekani Taylor Otwell. Kwa walio nje ya fani, fremuweki ni msimbo ulioandikwa tayari na watu wengine kwa ajili ya mambo ambayo kila mfumo unayahitaji: kuingia kwa nenosiri, kusoma na kuandika kwenye hifadhidata, kutuma barua pepe, kupanga kazi za usiku. Wewe unaandika yale ya shule yako au ya SACCOS yako juu ya msingi huo. Kwa hiyo mfumo wako una saa mbili zinazokwenda bila kukuuliza, ya PHP na ya Laravel, na zote ziko mikononi mwa watu walio mbali nawe.

Saa hizo zinasomeka. PHP 5.6 ilikoma kupewa marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. PHP 7.4 ilikoma tarehe 28 Novemba 2022. Siku hizi kila toleo la PHP hupewa miaka 2 ya matunzo kamili na miaka 2 mingine ya marekebisho ya usalama tu, na mwisho umewekwa Desemba 31: PHP 8.2 inafika mwisho 2026, 8.3 inafika 2027, 8.4 inafika 2028. Muda wa Laravel ni mfupi zaidi. Tangu toleo la 9, la Februari 2022, toleo kubwa jipya hutoka karibu kila mwaka. Hitilafu za kawaida hurekebishwa kwa miezi 18, na za usalama kwa miaka 2. Aliyejengewa mfumo leo kwa toleo la leo, akaufunga na kusahau, baada ya miaka 2 anaendesha kitu kisicho na mlinzi. Mfumo hautasema lolote. Utaendelea kufunguka asubuhi, kutoa risiti na kuchapa ripoti, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mkuu wa taasisi anaona mambo yanakwenda.

Niwape kisa kimoja cha kweli kuhusu hatari hiyo. Mwaka 2018 uligunduliwa mwanya kwenye Laravel za 5.5 na 5.6, uliosajiliwa kwa namba CVE-2018-15133. Mtu akishapata ufunguo wa siri wa mfumo, ule unaoitwa APP_KEY, angeweza kutuma ujumbe uliofumbwa kwa ufunguo huo na kuifanya seva itekeleze amri zake. Laravel wakauziba mwaka huohuo. Sasa nendeni mbele hadi Januari 2024, zaidi ya miaka 5 baadaye. Mashirika ya Marekani ya FBI na CISA yalitoa tahadhari ya pamoja kuhusu programu hasidi inayoitwa Androxgh0st. Inazunguka kwenye intaneti ikitafuta faili moja, .env, ambamo mifumo ya Laravel huweka manenosiri ya hifadhidata, ya barua pepe na ya huduma nyingine. Ikiipata inachukua vilivyomo, na ikikuta APP_KEY inajaribu mwanya uleule wa 2018. Iliendelea kujaribu kwa sababu iliendelea kufanikiwa. Kulikuwa bado na mifumo ambayo haijaguswa tangu siku ilipozinduliwa.

Faili hiyo ya .env inaonekanaje kutoka nje? Laravel imepangwa ili folda moja tu, public, ndiyo ionekane na dunia, na mengine yote yakae nyuma yake. Seva za kupanga zinatupa folda inayoitwa public_html. Mtu mwenye haraka anachukua mradi mzima na kuumwaga humo, halafu anaweka ujanja kidogo ili ukurasa wa mwanzo ufunguke. Unafunguka. Lakini sasa .env nayo imo ndani ya folda inayoonekana, na mpangilio wa seva usipoizuia, yeyote anayeandika jina la tovuti kisha /.env anaisoma kama anavyosoma tangazo la nafasi za kazi. Nawaomba kila mmoja wenu mwenye tovuti ya Laravel, jioni hii, aandike anwani hiyo kwenye kivinjari chake aone kinachotokea. Ukiona manenosiri, kazi ya kupandisha toleo isubiri. Kwanza hamisha mradi utoke humo, kisha badilisha kila nenosiri lililokuwamo.

Sasa tuingie kwenye kusoma kwenyewe. Kwa nini mfumo uliotulia miaka 6 uanguke kwa sababu tu ya namba ya toleo?

PHP ya zamani ilikuwa kama karani mwenye huruma kupita kiasi: fomu ikikosa kitu, anakijaza mwenyewe kwa kukisia, anagonga mhuri na kukuruhusu upite. Matoleo ya 7 na 8 yamemwondolea karani huyo ruhusa ya kukisia. Yaliyoondolewa moja kwa moja ni rahisi kuyaona. PHP 7.0 ya Desemba 2015 iliondoa amri zote zinazoanza na mysql_, na tovuti zilizoandikwa kwa amri hizo zilizima papo hapo. PHP 7.2 iliondoa mcrypt kwenye vifaa vyake, na waliokuwa wamefumba taarifa za watu kwa mcrypt walitakiwa kuzifumbua na kuzifumba upya kwa njia nyingine kabla ya kuhama. PHP 8.0 ya Novemba 2020 iliondoa each na create_function. Makosa ya namna hii yanapiga kelele. Ukurasa unakuwa mweupe au unaandika 500, simu zinaanza kulia, mtu anarekebisha.

Yanayonikosesha usingizi ni yale yasiyopiga kelele. Angalieni mstari huu, unaofanana na mistari iliyojaa kwenye mifumo ya ada: if ($salio == "hajalipa"). Mwandishi aliweka kwenye $salio mara namba, mara maandishi, jambo ambalo PHP inaliruhusu. Sasa $salio ikiwa ni namba 0, PHP 7 inafanya nini? Inaligeuza neno "hajalipa" liwe namba, na kwa kuwa halina tarakimu linakuwa 0. Kisha inalinganisha 0 na 0 na kujibu kwamba ni sawa. Mwanafunzi anahesabiwa hajalipa. PHP 8 inageuza namba 0 iwe maandishi "0", inalilinganisha na "hajalipa", na kujibu si sawa. Mwanafunzi yuleyule, kwenye hifadhidata ileile, anatoka kwenye orodha ya wadaiwa. Hakuna kosa lililoandikwa popote. PHP 8 imefanya jambo la busara zaidi, nami naiunga mkono, lakini mhasibu aliyekuwa akitegemea orodha ile amepewa orodha nyingine bila kuambiwa.

Mfano wa pili unagusa malipo ya simu. Kwenye huduma ya Safaricom ya kumtumia mteja ombi la kulipa kwa M-Pesa, mfumo wako hupokea jibu baada ya mteja kuamua. Akilipa, jibu linakuja na orodha ya maelezo: kiasi, namba ya risiti, namba ya simu. Akighairi, linakuja na namba 1032, na orodha ile haimo kabisa. Msimbo mwingi unahesabu vitu vya orodha kabla ya kuangalia namba ya jibu. Hadi PHP 7.1, kuhesabu kitu kisichokuwapo kulitoa 0, basi yakaisha. PHP 7.2 ikaanza kutoa onyo. PHP 8 inasimamisha programu palepale. Matokeo yake ni kwamba waliolipa wanapita vizuri, na majaribio yako yote yanafaulu kwa sababu ulijaribu kwa kulipa. Wanaoghairi ndio wanaouangusha mfumo, na maombi yao yanabaki yameandikwa "inasubiri" milele. Kwa hiyo mnapojaribu mfumo uliopandishwa, jaribuni kughairi. Jaribuni kuweka namba ya siri isiyo sahihi, jaribuni kuacha simu mpaka muda uishe. Njia ya furaha tayari mnajua inafanya kazi.

Hayo ni ya lugha. Laravel nayo ina mabadiliko yake, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu mawili kati yake nimeyaona yakileta madhara hasa kwetu.

La kwanza ni la toleo la 5.8, Februari 2019. Laravel ina mahali pa kuhifadhi kitu kwa muda mfupi, na unapokihifadhi unasema kikae muda gani. Kabla ya 5.8 namba uliyoandika ilikuwa dakika. Kuanzia 5.8 namba hiyohiyo ni sekunde. Fikirieni mfumo unaotuma namba ya uthibitisho kwa SMS na kuihifadhi kwa 10. Jana ilikuwa dakika 10. Leo, baada ya kupandisha toleo, ni sekunde 10, na SMS yenyewe bado iko njiani. Mtumiaji anaandika namba sahihi, mfumo unamwambia si sahihi. Anaomba nyingine, yale yale. Atapiga simu ofisini, ofisi italaumu mtandao, na mtandao hauna kosa. Badiliko hilo limeandikwa kwenye mwongozo rasmi wa kuhamia 5.8, kwa herufi za kawaida zinazosomeka. Aliyeusoma alitafuta kila mahali penye namba hizo na kuzizidisha kwa 60. Aliyebonyeza tu hakujua.

La pili ni la Laravel 7, Machi 2020, na linahusu saa. Mfumo wa Laravel unapoitumia programu ya simu taarifa zenye tarehe, zamani uliziandika kwa saa ya mahali ulipowekwa, kwa mfano "2020-03-05 02:00:00". Laravel 7 inaziandika kwa saa ya dunia, UTC, katika umbo jingine: "2020-03-04T23:00:00.000000Z". Sisi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC. Malipo yaliyofanyika saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5 sasa yanafika kwenye simu yakiwa na tarehe 4. Programu ya simu iliyoandikwa kukata herufi 10 za mwanzo ili ipate tarehe, na ziko nyingi za namna hiyo, itaonyesha siku iliyopita kwa kila kilichotokea kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku. Mchana huoni kitu. Anayejaribu mfumo saa nne asubuhi anaona tarehe ni ileile na kuridhika. Dereva wa lori aliyelipia usiku, mama aliyejifungua usiku, mlinzi aliyeingia zamu usiku, hao ndio taarifa zao zinazorudi nyuma siku moja. Ikiwa hiyo ni tarehe 1 ya mwezi, malipo yanahamia mwezi uliopita. Mwongozo wa Laravel 7 unaeleza jinsi ya kurudisha umbo la zamani kwa kuongeza amri moja fupi, serializeDate, kwenye msimbo wako. Mistari michache tu, kwa aliyesoma.

Mengine nayapita haraka. Laravel 6 iliondoa amri fupi za str_ na array_ zikahamia kwenye kifurushi cha pembeni. Laravel 8 ilibadilisha mwonekano wa vitufe vya kurasa, ndiyo maana tovuti nyingi zikatokewa na mishale mikubwa kama dirisha. Unairekebisha kwa mstari mmoja. Laravel 9 ilibadilisha mtambo wa kutuma barua pepe. Haya yanaonekana kwa macho.

Watu huniuliza waanze na nini, lugha au fremuweki. Jibu liko kwenye jedwali la Laravel linaloonyesha kila toleo linakubali PHP zipi. Chukueni mfumo wa Laravel 6 ulio kwenye PHP 7.4, hali ambayo bado ipo sana. Laravel 7 na 8 zote zinakubali 7.4, basi anza na fremuweki: nenda 7, kisha 8, bila kugusa lugha. Ukifika 8 umefika mahali pazuri pa kupumzika, kwa sababu Laravel 8 inakubali PHP kuanzia 7.3 hadi 8.1. Hapo simamisha fremuweki na upandishe lugha hadi 8.1. Ukitulia, endelea na Laravel 9, kisha 10. Laravel 10 inakubali hadi 8.3, kwa hiyo hapo unapanda tena lugha, ndipo unakwenda 11 ambayo haikubali chini ya 8.2. Kila hatua unabadilisha kitu kimoja tu. Kikiharibika kitu, unajua ni nani aliyekiharibu. Najua wapo wanaoruka kutoka 6 hadi 11 kwa usiku mmoja, na wachache wanafika salama. Mimi siwezi kumshauri mtu afanye hivyo na fedha za watu wengine.

Kila hatua ina mwongozo wake rasmi. Ukae nao, na kwa kila badiliko utafute kwenye msimbo wako kama linakugusa. Kuna zana za kusaidia. PHPCompatibility inapitia mafaili na kukuonyesha amri zilizokufa, Rector inaandika upya mistari mingi yenyewe, na Composer, kile chombo kinachosimamia vifurushi, kinaweza kukujibu ni kifurushi gani kinakuzuia ukiandika composer why-not php 8.3. Zana hizi zinakupunguzia mikono. Hazijui kwamba kwenye mfumo wako neno "hajalipa" lilikuwa likilinganishwa na sifuri kwa miaka 6 na kwamba mhasibu anaitegemea orodha hiyo. Hilo linajulikana kwa kukaa na mhasibu.

Turudi kwenye seva, maana wengi wanamaliza kazi kwenye kompyuta zao wakaja kukwama hapa. Kwenye cPanel kila toleo la PHP lina nyongeza zake. Kama 7.4 ilikuwa imewashiwa intl, bcmath, gd na zip, usidhani 8.3 nayo imewashiwa. Ukomo wa ukubwa wa faili la kupakia nao unaweza kurudi kwenye MB 2 za kuzaliwa nazo, na walimu wakashindwa kupakia picha za wanafunzi. Andika orodha ya yaliyowashwa kabla ya kuhama, kisha ilinganishe baada ya kuhama.

Kuna jambo jingine kwenye seva ambalo nataka mlishike vizuri. Unapobadilisha toleo kwenye MultiPHP Manager, unabadilisha lile linalohudumia kurasa za tovuti. Kazi za usiku, yaani zile zinazoendeshwa na cron bila mtu kufungua ukurasa, huita php kwa mlango mwingine, na kutegemea seva ilivyopangwa, mlango huo unaweza kubaki kwenye toleo la zamani. Tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anapongezwa, na kumbe vikumbusho vya madeni, nakala rudufu za usiku na hesabu za riba zimekufa. Hakuna anayeliona kosa, kwa sababu watu wengi wanapoandika amri ya cron wanamalizia na maelekezo ya kutupa majibu yote kwenye /dev/null. Dawa yake ni kuandika njia nzima ndani ya cron: /opt/cpanel/ea-php83/root/usr/bin/php, kisha artisan schedule:run. Na majibu yapelekwe kwenye faili ambalo mtu mmoja ametajwa kwa jina kuwa msomaji wake, hasa wiki ya kwanza.

Kuhusu majaribio. Tengeneza tawi la tovuti kwenye jina dogo (subdomain), weka humo nakala ya mfumo na nakala ya hifadhidata, upandishe huko kwanza. Lakini kabla hujafanya lolote, kata mawasiliano ya nje: funga njia ya SMS, funga barua pepe, badilisha funguo za malipo ziwe za majaribio. Namba za simu zilizomo kwenye nakala hiyo ni za wazazi na wagonjwa halisi. Mfumo wa majaribio ukiamka usiku na kuwatumia ujumbe wa madeni yaliyokwisha kulipwa, imani ya watu haitarudi kwa barua ya kuomba radhi. Bora zaidi, zibadilishe namba hizo ndani ya nakala, na nakala yenyewe uiweke nyuma ya nenosiri.

Nakala rudufu isiyowahi kurejeshwa siihesabu kuwa nakala. Ichukue, ipeleke mahali pengine, irejeshe, fungua mfumo uone wanachama ni walewale na salio ni lilelile. Siku ya kuhamisha mfumo wenyewe, mimi naichagua Jumanne au Jumatano asubuhi, baada ya kuwatangazia watumiaji. Najua mazoea ni Ijumaa usiku ili watu wasisumbuliwe. Ijumaa usiku anayejua hifadhidata amelala, kampuni ya hostingi ina mtu mmoja wa zamu, na kosa linagunduliwa Jumatatu likiwa limekwisha kula siku 2 za miamala. Epuka pia mwisho wa mwezi, wiki ya kufungua shule na siku za gawio.

Sasa fedha, na hapa nazungumza na wakuu wa taasisi mliokuja. Zabuni zetu nyingi za mifumo zinanunua siku ya uzinduzi. Kuna kipengele cha kujenga, kipengele cha mafunzo, labda cha mwaka mmoja wa kurekebisha hitilafu, basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba PHP na Laravel vitapandishwa, na nani, na kwa malipo gani. Kijana aliyejenga anapata kazi kwingine, anaondoka na nenosiri la cPanel, na mara nyingine hata jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi. Miaka 4 baadaye kampuni ya hostingi inatangaza kwamba inaondoa toleo la zamani kwenye seva zake, na taasisi inaanza kumtafuta mtu. Anapatikana mwingine, anapewa siku 3. Kwa siku 3 hawezi kusoma. Atabonyeza.

Mkataba unaweza kuandikwa vingine. Useme kwamba akaunti ya hostingi, jina la tovuti na ghala la msimbo ni mali ya taasisi na viko kwa barua pepe ya taasisi. Useme kwamba mfumo hautakaa kwenye toleo lililokoma kupewa marekebisho ya usalama, na utaje fungu la kila mwaka la kazi hiyo. Mkiona fungu hilo ni kubwa, kumbukeni pia kwamba sheria zimebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Itakuwa vigumu sana kumweleza mchunguzi kwamba mlizilinda taarifa za wagonjwa huku mkiziendesha kwenye lugha iliyoachwa bila marekebisho tangu 2018.

Swali ambalo lazima litaulizwa ni kuhusu mifumo iliyo mbali mno: PHP 5.6, hakuna fremuweki, amri za mysql_ zimesambaa kwenye mafaili mia mbili, na aliyeiandika hapatikani. Je, ipandishwe au iandikwe upya? Kwa mfumo ulio kwenye Laravel, hata ya zamani sana, jibu langu karibu siku zote ni kupandisha. Ndani ya msimbo ule kuna maamuzi ya miaka mingi ambayo hayakuandikwa kwingine kokote, na anayeandika upya huyapoteza bila kujua. Kwa mafaili yasiyo na fremuweki nakubali kuandika upya, kwa sharti kwamba mfumo wa zamani usomwe wote kwanza, faili kwa faili, na kila kanuni ya hesabu iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida na kusainiwa na mhasibu au daktari anayeitumia. Wakati huo mfumo wa zamani uondolewe kwenye intaneti ya wazi na ufunguliwe kwa watu wa ofisini tu. Endesheni ule mpya sambamba nao kwa kipindi kizima cha hesabu, muhula au mwezi kutegemea kazi yenu, na mlinganishe jumla kila jioni. Siku jumla zikilingana kipindi chote, hamisheni watu wote kwenye mpya, na hifadhidata ya zamani ibaki ya kusomwa tu, kwa muda ambao mkaguzi wenu wa hesabu atautaja kwa maandishi. Nakala za majaribio zilizobaki kwenye seva, pamoja na zile zilizo kwenye kompyuta za mkononi za waliofanya kazi hiyo, zifutwe wiki hiyohiyo.